Kikapu Kilichorudi Kimejaa

Shati alilovaa Aristides Mwijage Jumamosi ile lilikuwa na mfuko kifuani. Kama lisingekuwa na mfuko, labda mambo yangekwenda vingine. Ndivyo alivyojiambia siku zilizofuata, mpaka alipochoka kulilaumu shati.

Alikuwa mwenyekiti wa jumuiya ya Mtakatifu Monika, pale Ijumbi. Wakati wa vita na Idi Amin alikuwa mgambo, akavuka mto Kagera na wenzake, akarudi mzima, lakini sauti yake ilibaki ya kikosini. Watu walimwita Kamanda, wengine kwa heshima na wengine kwa kicheko. Walimchagua kwa sababu ya sauti hiyohiyo. Akitangaza kwamba kesho ni kufyeka njia ya kigango, kesho njia ilifyekwa.

Mwaka huo wa 1988, kabla ya Kwaresima, paroko alimtuma Bukoba kwenye semina ya viongozi wa walei, katika nyumba ya masista kule Nyanga. Daktari alikuja kuwaeleza habari za Ukimwi, ugonjwa uliokuwa ukimaliza watu, ambao vijijini bado uliitwa Juliana. Baada ya daktari, Sista Bernadina aliwafundisha jambo ambalo yeye aliliita kukaa. Alikuwa mzee, mdogo wa umbo, na hakupandisha sauti.

"Kabla ya kufungua kinywa, kifunge," aliwaambia. "Isikilize pumzi yako inavyoingia na kutoka, maana hata hiyo umepewa. Kisha ujiulize: sasa hivi ndani yangu kuna nini? Hasira? Hofu? Wivu? Kitaje kwa jina lake mbele ya Mungu, usikifukuze na usikifuate. Kiongozi asiyejua kilichomo ndani yake, hicho ndicho kinachoongoza watu, yeye hayupo."

Aristides aliyapenda maneno haya sana. Aliyarudisha Ijumbi kama mtu aliyerudi na baiskeli mpya. Kila jumuiya ilipokutana alisimama, akaweka mikono nyuma, akaita, "Tukae!" na watu wakanyoosha migongo.

"Hata kunyamaza sasa ni kwa amri," alinong'ona Joviana, mama mnene aliyeongoza nyimbo, na waliokuwa karibu naye wakabana vicheko.

Jumamosi ile zamu ya sala ilikuwa nyumbani kwa Getruda. Mumewe, Pastory, aliyekuwa akisafirisha mizigo hadi mpakani Mutukula, alikonda mwaka mzima akafa, akazikwa kwenye kibanja chake, kati ya migomba aliyoipanda baba yake. Hii ilikuwa mara ya kwanza jumuiya kusali nyumbani kwake tangu mazishi. Getruda na binti yake mkubwa, Immakulata, walikuwa wametandaza nyasi mpya sakafuni, na nyumba nzima ilinukia vizuri. Hakuna aliyejua kama Getruda naye alikuwa mgonjwa. Kumpima mtu damu hakukuwa jambo la Ijumbi miaka ile. Watu walimpima kwa macho.

Aristides alieleza aliyoyasikia kwa daktari. Alieleza vizuri. Alisema ugonjwa huu hauambukizwi kwa kusalimiana, wala kwa kula pamoja, wala kwa kukaa kwenye nyasi za mgonjwa. Alisema Mkristo anayemtenga mjane amemtenga Kristo mwenyewe. Kisha akaita, "Tukae!" Wakanyamaza. Wakasali.

Ndipo Getruda akaleta akamwani.

Kwa Wahaya mgeni hajapokelewa mpaka apewe kahawa hii ya kutafuna, iliyochemshwa pamoja na majani ya harufu nzuri kisha ikakaushwa. Mwenyeji huileta katika kikapu kidogo. Mgeni huchukua punje, huitia kinywani mbele ya aliyempa, hutafuna. Hapo nyumba inajua kwamba amekuja kwa amani. Mzee anaweza kusahau mengi, lakini hasahau nani alikataa kahawa yake.

Getruda alianza na mwenyekiti. Alichota punje kwa vidole vyake, akaziweka katika kiganja cha Aristides.

"Karibu, waitu," akasema, kwa neno la heshima la Kihaya.

"Asante sana, Ma Getruda."

Mkono wa Aristides ukapanda. Macho ya watu wote yalikuwa juu yake, kwa kuwa wote walikuwa wakingoja. Mkono ulifika kifuani, ukasimama, ukaingia mfukoni. Akaupigapiga mfuko ule kwa nje, kama mtu aliyehifadhi kitu cha thamani, akatabasamu.

Joviana, aliyefuata, alichukua punje akazifunga katika ncha ya kanga. Mzee aliyefuata alisema tumbo lake halitaki kahawa. Aliyefuata hakusema kitu, alikisogeza tu kikapu. Kikafika kwa Rwegasira, kaka wa marehemu, naye akakisogeza bila kukitazama. Kilipunguzwa punje zile chache, kikarudi kwa mwenyewe kimejaa.

Getruda alikitazama. Akakifunika. Akasema, "Mungu awabariki kwa kuja."

Aristides akaanzisha wimbo wa kufunga. Aliuanza juu mno, na katikati sauti zikawaishia wote.

Njiani kurudi nyumbani, mkewe Kokwijuka alitembea mbele yake mpaka walipofika kwenye mto mdogo.

"Baba Celina," akasema bila kugeuka, "kahawa ni tamu?"

"Kahawa ipi?"

"Ya mfukoni."

"Nitaitafuna nyumbani."

"Nyumbani tuna yetu."

"Nina jino bovu, Kokwijuka. Unajua."

"Jino lile lililovunja mfupa wa mbuzi juzi?" Akavuka mto. "Mimi nilikaa mlangoni, kikapu hakikunifikia. Namshukuru Mungu hakikunifikia, maana sijui na mimi ningefanya nini. Lakini wewe ulikuwa umetoka kuhubiri."

Alisali jioni ile kama kawaida, akaona maneno hayapandi. Alimweleza Mungu kwamba mkono ulikwenda wenyewe. Alimweleza kwamba kiongozi akiugua kundi linatawanyika. Mungu hakubishana naye, na hilo lilikuwa baya kuliko kubishiwa.

Siku zilizofuata jambo lile lilitembea bila yeye. Kisimani wanawake walimwambia Getruda awe anachota wa mwisho, wenzake wakiisha kuondoka. Alipouliza kwa nini, mmoja alimjibu, "Hata Kamanda aliyesoma semina aliweka mfukoni. Sisi ni nani?" Maneno hayo yakawa kama methali. Kwenye kilabu cha pombe ya ndizi wanaume waliyafanya mchezo. Mtu akipewa kitu asichokitaka, alijipigapiga kifuani akisema, "Nimekipokea kama mwenyekiti." Aristides alipita pale mara moja, akasikia kicheko kikikatika alipotokea. Alisalimia. Waliitikia kwa heshima kubwa mno.

Ijumaa Joviana alimkuta akianika kahawa, akasimama pembeni ya mkeka.

"Umesikia, Ta Aristides? Getruda anahama. Anarudi kwao Rubafu. Siyo Jumatatu hii, ya pili, na lori."

"Na watoto?"

"Watoto wanabaki. Rwegasira amesema watoto ni wa ukoo." Joviana alichezea ncha ya kanga yake. "Hakufukuzwa na mtu. Anasema anaondoka mwenyewe. Lakini mtu anayechota maji peke yake, mwenyekiti, utasema anaondoka mwenyewe?"

Aristides alitaka kusema kwamba siyo yeye aliyewatuma wanawake wa kisimani. Kinywa chake kilikwisha kufunguka. Akakifunga. Hakukifunga kwa sababu ya mafundisho. Akainama kugeuza kahawa.

Jumatatu alipanda gari kwenda Bukoba, na kutoka mjini akatembea mpaka Nyanga. Alimkuta Sista Bernadina nyuma ya nyumba, katika migomba, akikata majani makavu kwa kisu kilichofungwa kwenye mti mrefu.

"Tumsifu Yesu Kristo, Sista."

"Milele, amina. Ta Aristides wa Ijumbi! Kukaa kunaendeleaje?"

Akamsimulia yote. Sista alisikiliza huku majani yakianguka.

"Mkono ulipokwenda mfukoni," akauliza, "ndani yako kulikuwa na nini?"

"Niliona kwamba kiongozi anapaswa kulinda afya yake, ili watu anaowaongoza wasije..."

"Hiyo ni hotuba. Nimekuuliza kulikuwa na nini."

"Sijui, Sista."

"Sasa tunaweza kuanza. Kaa pale kwenye jiwe."

"Nikae mpaka lini?"

"Mpaka uache kuniuliza."

Alikaa. Sista akaendelea na migomba yake kana kwamba hakuna mtu. Mwanzoni Aristides alisikia sauti yake mwenyewe ikijitetea kichwani, ileile ya kikosini. Aliiacha iseme. Akarudi kwenye pumzi. Ile sauti ikachoka. Ndipo akasikia tumbo likiwa baridi kama la mtu aliyekunywa maji ya alfajiri, na juu ya vyote aibu, yenye joto, iliyompanda mpaka masikioni. Akataka kuinuka.

"Mpola," alisema Sista bila kumtazama. Pole pole.

Akakaa tena. Vitani walifundishwa kwamba askari haogopi, naye alijifunza vizuri, mpaka akasahau hofu inafananaje. Sasa alikuwa akiitazama. Chini ya aibu ilikuwa hofu, na ndani ya hofu alimwona mdogo wake Nathanieli, kwenye kambi ya wavuvi katika kisiwa kimoja cha Muleba, amelala katika kibanda cha matete, Juliana imemmaliza. Aristides alikuwa amemfuata huko kwa mtumbwi wa Msukuma mmoja, mchuuzi wa samaki aliyeitwa Limbu. Limbu peke yake pale kambini ndiye aliyekubali kuwaletea uji. Aristides alimwosha mdogo wake vidonda kwa mikono mitupu, siku baada ya siku, mpaka alipokufa. Tangu wakati ule, kila asubuhi akinyoa, alikuwa akiutoa ulimi mbele ya kioo na kuuchunguza kama una utando mweupe wa ugonjwa ule. Akiumwa na mbu, alitazama ngozi wiki nzima. Hakumwambia Kokwijuka. Hakujiambia hata yeye mwenyewe.

"Naogopa kwamba ninao," akasema kwa sauti. Ilikuwa sauti ndogo, hakuitambua.

Sista akateremsha kisu chake. "Kwa kumwosha ndugu yako? Ulikuwa na majeraha mikononi?"

"Hapana. Nikumbukavyo, hapana."

"Na daktari alisema nini kuhusu kahawa?"

"Kwamba haina neno. Niliwaeleza watu mwenyewe, Sista!"

"Kichwa chako kilihudhuria semina. Tumbo lako halikuja." Alicheka kidogo, kisha akaacha. "Ulikipeleka kichwa kuhubiri, na tumbo likaongoza. Watu hawakufuata mahubiri. Walifuata mkono."

Aristides akafuta uso. "Basi ilikuwa hofu tu. Siyo dhambi."

"Sikusema hivyo. Hofu ni hofu. Lakini aliyebeba matokeo yake ni yule mama. Ukijua jina la kinachokusumbua, hujasafishwa bado. Umeonyeshwa tu mahali pa kuanzia." Akamsaidia kuinuka. "Nenda. Nitakuombea, na tumbo lako pia."

Kesho yake jioni alikwenda kwa Getruda. Usiku wa kuamkia siku hiyo alikuwa amemwambia Kokwijuka habari za ulimi na kioo, na Kokwijuka alimshika mkono na hakuuachia. Hilo lilimpa nguvu kidogo. Nguvu hiyo ilimwishia uani.

Getruda alikuwa akifunga nguo katika shuka. Karibu na jiko Immakulata alikuwa akimwonyesha mdogo wake namna ya kumenya ndizi bila kujikata, akimwelekeza vidole kimoja kimoja. Aristides alielewa kwa nini mafundisho hayo yalikuwa na haraka.

"Karibu, Kamanda," alisema Getruda. "Leo umekuja na mifuko mingapi?"

"Ma Getruda, nimekuja kukuomba msamaha."

"Kaa basi."

Akakaa kwenye kigoda. Hakuletewa kitu.

"Nilikukosea mbele ya watu," akasema. "Niliogopa. Nilimuuguza Nathanieli, na tangu hapo naogopa kwamba ugonjwa umo mwilini mwangu. Uliponipa kahawa, niliona kama ukweli wangu unataka kuingia kinywani. Nikautia mfukoni."

Getruda aliacha kufunga fundo. Alimtazama kwa mara ya kwanza bila kejeli. "Pole," akasema. Kisha kejeli ikarudi, lakini imechoka. "Hofu ilikuwa yako. Aibu ukaniachia mimi niibebe, mpaka kisimani. Sasa unaleta toba yako hapa uani, wanaposikia kuku na watoto, ili na hiyo nikubebee?"

"Unataka nifanye nini?"

"Mimi siyo mwenyekiti."

Jibu la haraka lilimjia, la kwamba atawakemea wanawake wa kisimani siku hiyohiyo, na kwamba watamtii. Alilitazama jibu hilo akaona ni la Kamanda. Akaliacha lipite.

"Jumamosi sala ni kwa Rwegasira," akasema. "Nitasema huko."

"Sema au usiseme. Jumatatu lori linapita." Akakaza fundo. "Ungeniambia niende Rubafu na hawa watoto, ningekwenda naimba."

Jumamosi ilipofika, nyumba ya Rwegasira ilijaa. Watu walikuwa wamesikia kwamba Getruda anahama, na penye jambo watu hawakosi. Getruda mwenyewe alikuja akakaa karibu na mlango. Rwegasira, mtu mrefu mwenye miguu myembamba na maneno mengi, alipokea wageni akiwa amechangamka.

"Karibuni! Kwangu hakuna haja ya mifuko!" Watu wakacheka.

Kahawa ilizungushwa na mkewe, Eufrazia. Kila mtu alitafuna. Aristides naye alitafuna, na punje zilisikika kwenye meno yake. Ndipo alipoona kwamba kikapu kiliruka mlango. Kilitoka kwa mtu wa kulia wa Getruda kikaenda kwa mtu wa kushoto wake, juu ya magoti yake, kama vile pale pana shimo. Punje zikawa mchanga kinywani mwake. Alikuwa amekwisha kutafuna.

Akasimama. Watu wakanyoosha migongo wakingoja amri.

"Naomba tunyamaze kidogo," akasema. "Nina neno, na ninaliogopa."

Hilo liliwanyamazisha kuliko amri. Alisikia pumzi yake ikiingia, ikatoka. Aibu ilikuwepo, imekaa palepale. Hakungoja iondoke.

"Nyumbani kwa Ma Getruda niliwaambia kwamba hakuna hatari, kisha nikaificha kahawa yake mbele ya macho yenu. Nilisema uongo kwa mkono. Ninyi mliufuata mkono, na mama huyu anachota maji peke yake mpaka leo. Nimemwomba msamaha uani kwake, akaniambia kwa haki kwamba niliyemkosea hadharani nimtafute hadharani. Ma Getruda, nimekukosea."

"Ala!" Rwegasira alipiga paja. "Jamani, tulikuwa na kamanda gani sisi? Aliyevuka Kagera, leo anaogopa punje ya kahawa!"

Baadhi walicheka. Joto lilimpanda Aristides shingoni, na mkono wake wa kulia ukafumba. Aliijua hasira hiyo, alikuwa ameishi nayo tangu vitani. Hii ni hasira, alijiambia, na nyuma yake ni aibu. Bwana, ishike wewe. Akafumbua mkono.

"Ndiyo," akasema. "Niliogopa punje ya kahawa."

Kicheko kikakosa pa kwenda. Rwegasira alikuwa amejiandaa kwa ugomvi, akabaki amesimama na mdomo wazi.

"Basi yamekwisha," akasema. "Tusali. Mambo ya Getruda ni ya ukoo, hayaletwi kwenye rozari. Ameamua kwenda, aende. Nani kamzuia? Aende tu!"

Alikuwa akipiga kelele ingawa hakuna aliyembishia. Zamani Aristides angeisikia kelele tu, akaijibu kwa kelele kubwa zaidi. Sasa, kwa kuwa alikuwa ametulia, alimwona mtu. Aliona midomo imekauka. Aliona macho yanamkimbia Getruda, hayamgusi kabisa. Alikuwa ameyaona macho yale kwenye kioo chake cha kunyolea.

"Ta Rwegasira," akamwuliza kwa upole, "wewe unaogopa nini?"

"Mimi? Niogope nini nyumbani kwangu?"

Aristides hakuongeza neno, aliacha ukimya ukae. Rwegasira akatazama huku na huku.

"Sema," ilisikika sauti ya Eufrazia kutoka nyuma. "Usiposema wewe, nitasema mimi."

Rwegasira akakaa chini, taratibu.

"Wazee wameniita," akasema akitazama nyasi. "Wamesema mimi ndiye kaka, nimrithi mke wa Pastory, ndivyo mila. Nikikataa, nimemkana ndugu yangu. Nikikubali..." Akapangusa mdomo. "Nina watoto wadogo. Nikaona akiondoka mwenyewe kwenda kwao, hakuna atakayeniuliza tena. Hata nilifurahi mlipokisogeza kikapu chake."

Kisha sauti ya Getruda ikatoka mlangoni.

"Na nani alikuambia kwamba nilikutaka?"

Watu wakamgeukia.

"Miguu ile!" akasema. "Nirithiwe na korongo mimi?"

Eufrazia ndiye aliyeanza kucheka, akafuata Joviana, kisha nyumba nzima, hata Rwegasira mwenyewe, aliyekuwa akicheka huku machozi yanamtoka. Getruda hakucheka. Alingoja wamalize.

"Umenitenga na watoto wangu," akasema, "kwa sababu ya kitanda ambacho sikukiomba. Ungeniuliza siku moja tu, shemeji. Neno moja."

Rwegasira akaufunika uso kwa mikono.

Aristides alihisi kitu kikipita ndani yake, akakitazama, akakuta ni furaha, kwamba sasa siyo yeye peke yake mwenye aibu. Alikiona kilivyokuwa kidogo na kibaya. Hakumnyooshea Rwegasira kidole.

"Kesho baada ya Misa," akasema, "twende kwa wazee, mimi na wewe. Mimi nitasema nilichofanya. Wewe useme unachoogopa. Tuwaombe Ma Getruda abaki kwenye kibanja na watoto wake, asirithiwe na mtu. Kama mwenyewe anataka."

"Sijaulizwa," alisema Getruda.

"Unataka, Ma Getruda?"

"Nataka," akasema.

"Na lile la kisimani," Joviana alisema ghafla, uso umeinama, "usitubebee, Ta Aristides. Aliyesema achote wa mwisho ni mimi. Mkono wako haukunishika ulimi."

Wazee wa ukoo hawakukubali upesi. Walimwita Aristides mwingiliaji, na mmoja alimwuliza tangu lini rozari inagawa vibanja. Alijibu pale palipohitaji jibu. Walimrudisha Rwegasira aseme tena na tena kwamba anaogopa, mpaka neno likaacha kumtetemesha. Mwishoni mkubwa wao alisema Getruda abaki, watoto wawe kwa mama yao, lakini akiugua ukoo usije kuulizwa.

"Niulizwe mimi," alisema Rwegasira. "Kumuuguza siyo kumrithi."

Jumatatu lori lilipiga honi njia panda, likangoja kidogo, likaondoka. Aristides alikuwa shambani. Aliacha jembe, akaenda mpaka kwa Getruda, akamkuta uani, shuka imefunguliwa, nguo zimetundikwa juani kwa sababu zilikuwa zimepata unyevu.

"Umekuja kuhakikisha?" akauliza Getruda.

"Nimekuja kukusalimu."

"Nimesalimika." Alikunguta gauni la mtoto. "Jumamosi ijayo sala iwe hapa kwangu tena."

"Nitawatangazia watu."

"Atatangaza Joviana. Na Joviana ataongoza. Wewe utakaa mlangoni, kama nilivyokaa mimi kwa Rwegasira, usikilize."

Alikuwa mwenyekiti, na mwenyekiti ana mahali pake pa kukaa. Maneno hayo ya kujitetea yalimfika mpaka ulimini. Aliyasikia, akajua yametoka wapi, akavuta pumzi.

"Ndiyo, Ma Getruda," akasema. "Nitakaa mlangoni."

Getruda hakutabasamu. Alichukua gauni jingine akaanza kulikunguta, na Aristides alibaki amesimama uani, uso ukimwaka, bila kutafuta pa kuuficha.